Keki ya Chumba Namba Kumi na Nne

Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kupokea simu za watu wenye njaa. Sikuwa mpishi, na trei nilibeba mara chache tu, siku ambazo wahudumu walikuwa pungufu. Nilikaa katika chumba kidogo kati ya jiko na stoo ya vyombo, kwenye hoteli moja ya kifahari ya pwani, mwendo wa saa moja hivi kutoka Tanga mjini. Mgeni aliyejilaza chumbani, hataki kuvaa viatu wala kuonana na watu, alibonyeza kitufe chenye picha ya uma na kijiko, na sauti aliyoisikia ilikuwa yangu. Jina langu ni Skolastika. Kazini waliniita Skola, na wazee wachache waliobaki bado wananiita hivyo.

Mpwa wangu Happy ameanza kazi kama ile mwezi uliopita. Jumapili baada ya misa alikuja kwangu Chumbageni na wenzake wawili, wakaniamkia, wakanywa chai, wakaniuliza kazi ile ina siri gani. Niliwajibu kijuujuu kwa sababu maharage yalikuwa motoni. Sasa nimetulia. Nawaandikia wao, na nyinyi wengine mnaoanza.

Jambo la kwanza, jueni kwamba chakula cha chumbani ni msafiri. Cha mezani kinatoka jikoni kinapiga hatua kumi kimefika. Cha chumbani kinapita kwenye upepo, kwenye vumbi, kwenye njia ya mchanga, na kinafika kimechoka. Kwetu kila chumba kilikuwa nyumba yake peke yake, imeezekwa makuti, na ya mwisho ilikuwa mbali kiasi kwamba mhudumu mwepesi alitumia dakika saba. Kitoroli cha magurudumu hakifai kitu kwenye mchanga, kwa hiyo kila kitu kilikwenda begani. Chipsi zikifunikwa zinalowa kwa jasho lake lenyewe, na zisipofunikwa zinapoa. Mgeni wa mbali akiagiza chipsi, mshauri viazi vya kuoka, na umshauri kana kwamba wazo ni lake. Supu ijazwe ibaki vidole viwili kufika ukingoni. Mdomo wa birika uelekee ndani ya trei, si upande wa shingo ya mbebaji. Na trei iliyokwisha kazi isikae nje ya mlango, maana tumbili wa pale walijifunza kufunua mifuniko wakaturudishia vyombo vimelambwa safi kuliko tulivyoviosha. Mmoja aliwahi kukaa kwenye kiti cha baraza na leso mapajani. Mgeni alimpiga picha akaacha kulalamika.

Jambo la pili ni sikio. Hilo nilifundishwa na Bi Zulfa.

Bi Zulfa alikuwa mkuu wa meza ya oda. Mtu wa Usagara ya Tanga mjini, mrefu, ushungi wake umenyooshwa kwa pasi hata siku za joto kali, na sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda. Mimi nilitoka Maramba, mtoto wa mtu aliyekuja kutoka Njombe kufanya kazi ya mkonge, na Kiswahili changu kwake kilikuwa cha bara. Alinisahihisha taratibu. Mgeni haambiwi "ngoja". Anaambiwa dakika ngapi, na dakika hizo zikipita anapigiwa simu kabla hajapiga yeye.

Wiki yangu ya pili mgeni mmoja aliagiza kwa Kiingereza soda isiyo na barafu. Kwa Kiingereza barafu na wali vinakaribiana kwa sauti, na Kiingereza changu kilikuwa cha kukisia. Nikapeleka oda jikoni: soda moja, wali sahani moja. Mgeni yule alikuwa muungwana. Alikula wali wote, akashukuru, na jioni akamuuliza meneja kama ni desturi ya pwani kunywa soda kwa wali mkavu.

Bi Zulfa hakunicheka. Aliniambia huyu kala kwa staha tu, wa pili hatakula. Toka siku ile nilitakiwa kurudia oda yote kabla ya kukata simu: chakula, namna kinavyopikwa, idadi, saa, jina, namba ya chumba. "Kila alichokupa, mrudishie," alisema. "Ukishamrudishia, kosa ni lenu wawili." Nikairudia kila oda kwa miaka, mpaka nyumbani nilikuwa nikitumwa chumvi na kiberiti narudia dukani kama sala.

Nyinyi leo mnaletewa oda kwenye kioo. Nilianza na daftari la karatasi tatu na kaboni katikati, ikaja kompyuta, na nilipokaribia kustaafu wageni walikuwa wakituma ujumbe kwa simu zao. Ni rahisi, sikatai. Barafu haiwezi tena kugeuka wali. Ila ujumbe hausemi kama aliyeandika ametoka kulia. Mimi nilikuwa nawajua kwa sauti. Nilijua nani kagombana na mwenzake, kwa sababu anaagiza kifungua kinywa kimoja huku mwingine anasikika bafuni. Nilijua mgonjwa, nilijua aliyelewa, nilijua mtoto aliyeshika simu wazazi wakiwa wamekwenda kuogelea, anayetaka barafu ya maziwa kumi na mbili.

Na pamoja na kujisifu huko kwa sikio langu, kuna sauti moja ilinipita. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Mwaka wangu wa tisa kazini alifika mgeni mwanamke, peke yake, na begi moja. Nitamwita Stella, ingawa si jina lake. Umri wake thelathini na kitu, Mtanzania, mtu wa kutoka upande wa milimani, mwenye lafudhi ya huko. Alipewa chumba namba kumi na nne na hakutoka. Milo mitatu aliagiza kwangu. Asubuhi chai ya maziwa na chapati, mchana samaki wa kuchoma na ndizi, jioni supu. Aliniomba kitu kimoja, kwamba anayeleta agonge mara mbili kisha ataje chakula alichobeba. Mhudumu wake alikuwa Mhina, Mbondei wa makamo, mtu asiye na haraka wala maneno mengi, na Mhina aliniambia kwamba kila akifika husikia kiti kikiburutwa kutoka nyuma ya mlango kabla haujafunguliwa. Tuliona ajabu kidogo, tukaacha. Hoteli za namna ile zina wageni wa kila aina, na kazi yetu haikuwa kuuliza.

Kumbe siku ya kuingia alikuwa amewaomba watu wa mapokezi wasimwambie yeyote kwamba yupo. Waliandika kwenye daftari lao. Kwetu jikoni hawakuleta habari. Silisemi hilo ili nijitoe lawamani. Nalisema kwa sababu lilitokea.

Siku ya tisa, saa nane na nusu mchana, mapokezi waliniunganishia simu ya kutoka nje, ya mtu aliyetaka kuagiza chakula. Alikuwa mwanamume. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya upole, ya mtu mwenye furaha. Alisema mke wake yuko hotelini kwetu anapumzika, na siku hiyo wametimiza miaka minane ya ndoa. Yeye yuko safarini, kwa hiyo angependa kumshtukiza kwa keki. Akataja jina la Stella, majina yote matatu, bila kukosea.

Nilifurahi. Msinicheke. Nilikuwa nimemwonea huruma yule dada kwa siku tisa za kula peke yake, na sasa huyu hapa mtu anamkumbuka. Nikachukua oda: keki ya chokoleti, ndogo, iandikwe maneno ya pongezi, ifike saa kumi. Halafu nikafanya nilivyofundishwa. Nikamrudishia yote, kwa sauti ya wazi, neno kwa neno: keki moja ya chokoleti, maneno ya pongezi, saa kumi kamili, kwa fulani binti fulani, chumba namba kumi na nne.

"Namba kumi na nne," alisema. "Sawa kabisa. Asante sana, mama."

Akakata. Hakuwa amenitajia namba yoyote. Mimi ndiye niliyeisoma kwenye orodha na kumpa.

Keki ilitengenezwa, Mhina akaipeleka. Saa kumi na dakika chache kitufe cha kumi na nne kikawaka kwenye simu yangu. Stella aliniuliza keki ametuma nani. Nikamjibu kwa uchangamfu kwamba ni mumewe, amepiga mwenyewe.

"Dada Skola," alisema, "umemwambia niko chumba gani?"

Wanangu, hapo nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ilikuwa hapana fupi tu, na hakuna ambaye angeijua. Bi Zulfa alikuwa amesimama pembeni anapanga karatasi za oda za jioni, hajasikia alichoniuliza. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na kazi ile ndiyo iliyokuwa mkononi. Nilifikiri hayo yote, na nadhani nilifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

"Nimemwambia," nilisema. "Namba kumi na nne."

Hakunitukana. Aliweka simu chini taratibu.

Nikamweleza Bi Zulfa. Aliweka karatasi mezani, akauliza mambo mawili tu: yule bwana alipiga saa ngapi, na alisema yuko wapi. Nikamwambia amesema yuko safarini. "Safarini kuja wapi?" alisema Bi Zulfa, na hilo halikuwa swali. Saa moja na nusu ilikuwa imekwisha kupita tangu apige. Akawapigia walinzi wa getini wasimruhusu mwanamume yeyote anayeulizia mke. Akampigia meneja, naye alikuwa mjini kwenye kikao, simu haipokelewi. Kisha akakumbuka jambo ambalo mimi sikulifikiria, kwamba geti letu ni la barabarani, na upande wa ufukweni hakuna geti.

Akachukua aproni ya jikoni na kofia ya wahudumu, akampa Mhina, akamwambia aende kumi na nne aondoke na yule dada. Begi libaki. Wapite njia ya kawaida, wasikimbie. Mhina akauliza kama si afadhali wapite nyuma ya mashine za maji, ambako hakuna watu.

"Huko mtaonekana mwajificha," Bi Zulfa alimwambia. "Mpe trei. Mtu aliyebeba trei hatazamwi uso."

Nimekaa hotelini miaka ishirini na sita na sijasikia neno la kweli kuliko hilo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mhina, na alinisimulia mara moja tu. Alimkuta Stella amekaa sakafuni kati ya kitanda na ukuta. Keki ilikuwa mezani haijaguswa. Akamvalisha aproni, akamfunga kofia, akampakia trei begani: birika, sahani, mifuniko miwili mikubwa juu yake. Alimwonyesha namna ya kuweka kiganja chini. Vyombo vilikuwa vinagongana begani kwake, Mhina akamwambia avute pumzi, wahudumu wote wapya vyombo vyao hugongana. Wakatoka, Mhina mbele. Mlango wa mbele aliufunga, ule wa barazani akausahau.

Katikati ya njia ya mchanga walikutana na mwanamume amevaa shati jeupe, viatu mkononi, suruali imelowa magotini. Mhina hakuwa anamjua. Alimjua kwa vyombo, kwa sababu nyuma yake vyombo viliacha kugongana kabisa. Njia ile ni nyembamba, watu wawili hawapishani na trei. Stella aliigeuza trei ikawa upande wa yule bwana, mifuniko ikamkinga.

Bwana yule akasogea kando kwenye majani, akawapisha. Alisema hata "pole na kazi".

Walipofika jikoni Stella aliweka trei juu ya meza vizuri. Bi Zulfa akamshika mkono. Wakamwingiza stoo ya vyombo, na mimi nikabaki kwenye simu kwa sababu simu haiachwi. Ndipo kitufe cha kumi na nne kikawaka.

Mnaelewa nilichoelewa. Chumba hakina mgeni, na kuna mtu ndani.

Bi Zulfa alikiona na yeye. Alinyanyua simu ya pili kuwaita walinzi, akaniashiria nipokee. Nikapokea kama siku zote, nikasema huduma ya chumbani, habari za jioni. Ilikuwa sauti ile ile, ila furaha imetoka. Aliniuliza mwanamke wa chumba hiki yuko wapi. Nikamwambia simu hii ni ya chakula, mengine wanajibu mapokezi. Akauliza tena. Nikamwuliza angependa kuagiza nini.

Sijui ni kitu gani kilimfanya ajibu. Pengine aliona akikaa pale ameagiza chai atakuwa mgeni halali, mwenye haki ya kumsubiri mkewe. Alisema nimletee chai.

"Ya maziwa au ya rangi, baba?"

Ya maziwa. Nikamwuliza ya tangawizi au iliki. Iliki. Nikamwuliza sukari ikae pembeni au iingizwe. Kwa watu wangapi? Akasema wawili. Mkono wangu ulikuwa unaandika yote hayo kwenye daftari kana kwamba itapikwa kweli; ukurasa ule niliuona baadaye, mwandiko hausomeki. Nilimwuliza kama atapenda mahamri au biskuti, nikamweleza mahamri yametoka sasa hivi. Alikuwa bado anachagua walinzi walipoingia barazani. Nilisikia kiti kikianguka, kisha mtu akaweka simu chini.

Polisi walikuja, wakamchukua. Aliwaambia amekuja kumchukua mkewe, amekosa nini, na mfukoni alikuwa na picha ya harusi. Baadaye tulisikia kwamba kabla yetu alikuwa amepiga hoteli nyingine mbili za pwani ile, kwa hadithi ile ile ya keki. Kwingine walimjibu tu kwamba hawana mgeni huyo. Ndivyo walivyotakiwa kujibu hata kama wangekuwa naye.

Meneja aliporudi alitaka maelezo kwa maandishi. Nilidhani Bi Zulfa atanifunika, au ataniangusha. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliandika lilivyotokea, saa kwa saa, kosa langu likiwemo, na mwisho akaongeza mstari wake mwenyewe: kwamba yeye alinifundisha kurudia kila kitu, na hakunifundisha cha kuacha. Nilipewa barua ya onyo nikaondolewa kwenye simu miezi minne. Nilifuta glasi. Glasi ikifutwa kwa mvuke wa maji ya moto haibaki na unyuzi wa kitambaa, hilo nalo mlijue. Niliporudi mezani utaratibu ulikuwa umebadilika. Simu ikitoka nje, rudia chakula, usirudie mtu. Namba ya chumba ni amana, Bi Zulfa alisema, hata anayeijua asisikie kwako.

Sasa nyinyi mna mitambo inayoonyesha jina la mgeni na chumba chake kwenye kioo, na anayepita nyuma yako anasoma. Happy aliniambia hilo mwenyewe akicheka. Ukikaa zamu yako, geuza kioo kitazame ukuta.

Usiku ule Stella hakulala hotelini. Bi Zulfa alimchukua kwake Usagara, na asubuhi yake walikuwa waende polisi, dawati la jinsia, kuandikisha maelezo. Nilikwenda kabla hawajatoka. Nilipanda gari la kwanza la wafanyakazi kurudi mjini, nimepanga maneno yangu njia nzima. Niliwakuta mkekani, Bi Zulfa ameandaa mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga. Nikamwamkia Bi Zulfa shikamoo, akaitikia marahaba, akasogea nipate nafasi. Sikukaa. Nilisimama mlangoni nikasema niliyopanga: kwamba nilifanya kwa kutojua, kwamba nimekosa, kwamba naomba anisamehe.

Stella alinisikiliza mpaka nikamaliza. Ilikuwa mara ya kwanza namwona uso vizuri; jana yake alipita jikoni chini ya ile kofia. Siku tisa nilikuwa namjua kwa sauti tu. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na kwenye paji lake palikuwa na kovu la zamani.

"Sijakusamehe bado," alisema. Akatazama chakula. "Kaa. Nisogezee chumvi."

Nikaketi, nikamsogezea. Tukala wote watatu mpaka sahani zilipobaki tupu.